Kupeleka Nje Kontena la Kwanza la Ufuta: Vibali, Nyaraka na Unafuu wa Serikali

Mtu anayetaka kuuza ufuta nje ya Tanzania kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kwa kutafuta mzigo. Husafiri hadi Nachingwea au Kilwa, huulizia bei, hukodi ghala, na gunia la mwisho likishashonwa ndipo huuliza ni karatasi gani zinazotakiwa. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa mnunuzi na nchi yake, kwa sababu sehemu kubwa ya vyeti utakavyodaiwa vinatokana na masharti ya mahali kontena litakapofunguliwa. Mfano tutakaoufuata ni wa kontena moja la futi 20, ambalo hubeba takriban tani 19 za ufuta, yaani magunia 380 ya kilo 50. Anayesafirisha mbaazi, choroko au dengu atakuta njia ni ile ile, isipokuwa mahali nitakapotaja.

Anza na masharti ya nchi ya mnunuzi

Kabla ya kukubaliana bei, mwombe mnunuzi akutumie kwa maandishi orodha ya nyaraka zote ambazo forodha na mamlaka za chakula za nchi yake zitamdai. Mnunuzi mzoefu atakutumia orodha hiyo siku hiyo hiyo. Anayesema "tutaona baadaye" anakutwika wewe hatari ambayo ni yake.

China, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ufuta wetu, ilianza tarehe 1 Januari 2022 kutumia kanuni inayotaka viwanda na maghala ya chakula yaliyo nje yasajiliwe na mamlaka yake ya forodha, GACC, na mbegu za mafuta zimo katika makundi ambayo maombi yake hupitia kwa mamlaka ya serikali ya nchi inayouza. Maana yake ni kwamba ghala litakalosafisha na kufungasha ufuta wako ni lazima liwe limesajiliwa kabla mzigo haujaondoka. Ukiwa huna ghala lako, kodisha nafasi katika ghala ambalo tayari lina namba ya usajili huo, na uthibitishe namba yenyewe badala ya kuridhika na maneno ya msimamizi. Japani kwa upande wake hupima mabaki ya viuatilifu, na tangu 2006 kiuatilifu kisichowekewa kiwango maalumu kwa zao husika hakiruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni chembe ndogo kiasi kwamba gunia lililowahi kubebea dawa ya shambani linatosha kuharibu sampuli.

Umoja wa Ulaya una hadithi yake. Septemba 2020 ilibainika Ubelgiji kwamba ufuta uliotoka India ulikuwa na mabaki ya ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua vijidudu, na bidhaa nyingi zenye ufuta ziliondolewa madukani barani humo. Kiwango cha juu kwa ufuta huko ni miligramu 0.05 kwa kilo. Tangu hapo wanunuzi wa Ulaya huuliza suala la gesi hiyo pamoja na bakteria wa salmonela hata kwa mzigo ambao haujawahi kupita karibu na India.

Wasiouza mbali nao wasijione wako salama. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipofungua tena mpaka siku chache baadaye, kila shehena ilitakiwa iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakulima wa mbaazi nao hawajasahau Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei katika mikoa yetu ya kusini na kule Babati ikaporomoka huku maghala yakiwa yamejaa. Kwa hiyo, kama unahama kutoka ufuta kwenda mbaazi, soma kwanza tangazo la sasa la serikali ya India, kisha ndipo usome bei.

Mkataba na namna ya kulipwa

Mkataba utaje zao kwa jina na kwa namba yake ya ushuru wa forodha, ambayo kwa ufuta ni 1207.40, pamoja na uzito, usafi, unyevu, aina ya gunia, bandari ya kupakilia, muda wa kupakia, na mahali ambapo uzito na ubora vitapimwa kwa mara ya mwisho. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinacholeta ugomvi mwingi. Ikiwa ubora utaamuliwa bandarini Qingdao, China, mnunuzi anaweza kukupunguzia bei wakati mzigo uko mbali na huna namna ya kuurudisha. Ikiwa utaamuliwa wakati wa kupakia, na kampuni ya ukaguzi mliyokubaliana nyote wawili, mjadala unaishia Dar es Salaam.

Kwa kontena la kwanza ningeshauri uuze kwa masharti ya FOB, ambapo wajibu wako unakoma mzigo ukishakuwa melini na mnunuzi ndiye anayelipia meli na bima. Masharti ya CIF yanakutaka ulipie vyote viwili, na nauli za meli hupanda bila kumsubiri mtu.

Malipo huja kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni mnunuzi kutanguliza sehemu ya fedha kwa benki na kumalizia akishaona nakala za nyaraka. Ya pili ni nyaraka kupitia benki, ambapo benki ya mnunuzi haimpi nyaraka hadi alipe. Ya tatu ni LC (letter of credit), ambapo benki yenyewe inaahidi kulipa endapo nyaraka zitalingana na masharti yaliyoandikwa. Wengi huipenda LC kwa sababu ya jina la benki, lakini husahau kwamba benki haiangalii ufuta, inaangalia karatasi. Kwa kanuni za kimataifa zinazoongoza LC, benki ina siku tano za kazi kukagua nyaraka, na wewe, kama LC haikutaja muda mwingine, unatakiwa kuziwasilisha ndani ya siku 21 baada ya mzigo kupakiwa. Jina la kampuni likiandikwa "Ltd" kwenye ankara na "Limited" kwenye cheti, huenda likapita. Anwani au uzito ukitofautiana, utapokea barua ya dosari na mnunuzi atapata nafasi ya kuomba punguzo.

Usajili wa biashara

Hapa hatutakaa sana, kwa kuwa mengi hufanyika mtandaoni. Unahitaji kampuni au jina la biashara lililosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA, na leseni ya biashara ya kuuza nje. Leseni za biashara za kimataifa ziko Kundi A na hutolewa na BRELA, wakati zile za Kundi B hutolewa na halmashauri. Mtu mwenye leseni ya duka la nafaka kutoka manispaa hana leseni ya kuuza nje, hata kama anauza nafaka ile ile. Kwa ufuta, mbaazi, choroko na dengu utajisajili pia kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko, COPRA. TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, ina tovuti inayoonyesha hatua na ada za mazao mbalimbali. Ifungue kabla hujamlipa mtu anayejiita mshauri.

Kununua na kuandaa mzigo

Katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ufuta huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao msingi wake ni sheria ya 2005. Mkulima hupeleka ufuta wake kwenye chama cha msingi, mzigo hukusanywa katika ghala lenye leseni, na wanunuzi waliosajiliwa hushindana mnadani, siku hizi kupitia jukwaa la kielektroniki la Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ukishinda unalipa ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo la mnada, kisha unapewa hati ya kutolea mzigo. Kununua kijijini kwa kificho, biashara inayojulikana kama kangomba, kunaonekana rahisi hadi unapoombwa uthibitisho wa mahali ulikonunua. Mzigo usio na karatasi za mnada utakwama kwenye kibali cha kusafirisha, na hapo bei uliyookoa inaisha. Kumbuka pia ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na hulipwa na mnunuzi; weka risiti yake.

Ukifika ghalani, usiamini tabaka la juu la gunia. Chukua bambo, yaani mrija wenye ncha wa kuchukulia sampuli, lichome ubavuni mwa gunia kwa mshazari hadi lifike katikati, liinamishe na uache ufuta umwagikie kiganjani. Ufuta mzuri huteleza kama maji na hauachi vumbi mkononi. Ulioloa hushikamana na una harufu ya kuvunda ambayo mtu akiisikia mara moja hataisahau. Rudia kwa magunia ya chini na ya katikati ya lundo, changanya sampuli zote, kisha ndipo upime kwa mashine. Wanunuzi wengi hutaka unyevu usiozidi asilimia 6 na usafi wa asilimia 98 au 99. Kama mzigo ulionunua una takataka asilimia 3, itabidi ununue kilo 19,588 ili baada ya kusafisha upate kilo 19,000, na tofauti hiyo iwe ndani ya hesabu yako ya bei tangu siku ya mnada.

Kontena nalo likaguliwe kabla ya kupakiwa. Ingia ndani, mtu afunge milango kutoka nje, na utazame kama kuna mahali mwanga unapenya. Panapopenya mwanga patapenya maji. Sakafu iwe kavu na isiwe na harufu ya kemikali, na kuta zitandikwe karatasi nene, kisha vifuko vya kufyonza unyevu vitundikwe juu, kwa maana kontena linalotoka kwenye joto la Dar es Salaam na kuingia kwenye bahari baridi hutoa jasho, na jasho hilo hudondokea magunia ya juu. Kazi hii yote haichukui saa moja.

Vyeti vya mzigo

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na yenye makao makuu Arusha. Maombi na vibali vya mazao huombwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Wizara ya Kilimo, na mkaguzi huuona mzigo kabla haujafungwa. Ikiwa nchi ya mnunuzi inatoa kibali cha kuingiza, mkaguzi atataka kukiona, kwa sababu maneno yatakayoandikwa kwenye cheti hutokana na kibali hicho. Ufukizaji, yaani kuua wadudu wa mzigo kwa gesi, hufanywa na kampuni yenye kibali, na cheti chake kitaje dawa, kipimo na saa ambazo mzigo ulifunikwa.

Cheti ambacho wageni wa biashara hii hawakitarajii ni kile cha mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Chakula kinachotoka na kinachoingia hupimwa mionzi kwa mujibu wa sheria ya 2003, na ada yake ni gharama ya kuingizwa kwenye bei mapema.

Cheti cha uasili wa bidhaa ndicho kinachompa mnunuzi unafuu wa ushuru kwake, na wengi hukichukulia TCCIA, Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo. Kila soko lina fomu yake: cheti cha SADC hakitumiki kwa mzigo wa China. Kwa Umoja wa Ulaya utaratibu ni tofauti, kwani mzigo wenye thamani inayozidi euro 6,000 unahitaji tamko la uasili lililoandikwa na muuzaji mwenyewe ambaye amesajiliwa katika mfumo unaoitwa REX. Kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zilizoorodheshwa ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, na afisa wa forodha hukitoa pale pale mpakani.

Sasa linganisha. Ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha afya ya mimea, cheti cha ufukizaji, cheti cha uasili na hati ya shehena ya kampuni ya meli (bill of lading) zote zitaje idadi ile ile ya magunia, namba ile ile ya kontena na lakiri, na uzito ule ule. Gunia tupu la plastiki likiwa na gramu 100, magunia 380 yanaongeza kilo 38, hivyo uzito halisi ni kilo 19,000 na uzito pamoja na vifungashio ni 19,038. Namba zote mbili ni sahihi, ila kila moja ikae kwenye mstari wake. Nimewahi kushinda asubuhi nzima kwenye korido ya ofisi nikingoja cheti kichapwe upya kwa sababu karani alikopi kilo 19,038 kwenye nafasi ya uzito halisi, na kosa nililiona mimi mwenyewe usiku wake, cheti kikiwa tayari kimegongwa mhuri.

Forodha na bandari

Tamko la forodha huwasilishwa na wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA, kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Omba uone leseni ya mwaka huu, si ya mwaka jana, na mpe barua ya uwakala pamoja na ankara, orodha ya vifurushi, mkataba na vibali. Baada ya tamko kupokelewa mfumo hulipanga kwa ajili ya ukaguzi wa nyaraka, wa skana au wa kufungua mzigo. Tangu 1 Julai 2016 meli haipakii kontena ambalo uzito wake wote haujathibitishwa na kutangazwa, kwa hiyo uzito wa kontena tupu, ulioandikwa mlangoni, uongezwe kwenye uzito wa mzigo na vifaa ulivyofungia.

Chagua bandari kwa ratiba ya meli. Mtwara iko karibu na maghala, na nauli ya lori inapungua, lakini Dar es Salaam ina meli nyingi zaidi. Kontena likikaa kupita siku za bure zilizotolewa na kampuni ya meli, gharama huhesabiwa kwa siku na huumiza. Na wakala akikupa bei ya huduma za ndani kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zinataka bei za ndani zitajwe kwa shilingi.

Meli ikishaondoka, hakiki rasimu ya hati ya shehena neno kwa neno kabla haijachapishwa. Kuirekebisha baadaye kunalipiwa, na nakala halisi ndizo zinazomfanya mtu awe mwenye mzigo: usizitume kwa mnunuzi moja kwa moja kabla fedha hazijaingia.

Unafuu wa serikali

Unafuu unaogusa karibu kila muuzaji nje ni wa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Mauzo ya nje hutozwa asilimia sifuri, hivyo aliyesajiliwa anaweza kudai VAT ya asilimia 18 aliyolipa kwa wakala, kwa ghala la kusafishia na kwa magunia. Usajili wa lazima kwa Tanzania Bara huanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa 2023 kutoka milioni 100. Dai hilo husimama juu ya mambo mawili tu: risiti za mashine ya kielektroniki, EFD, zenye jina na namba yako, na ushahidi wa forodha kwamba mzigo ulitoka kweli. Risiti iliyotolewa kwa jina la dereva haikusaidii.

Pili kuna marejesho ya ushuru wa forodha. Sheria ya 2004 inaruhusu kurudishiwa ushuru uliolipa kwa malighafi ya nje iliyotumika kutengeneza bidhaa uliyoiuza nje, mradi udai ndani ya miezi 12 tangu bidhaa itoke. Kwa ufuta mbichi hakuna cha kudai, ila kiwanda cha kashata za ufuta kinachoagiza glukosi kinacho. Kiwanda hicho kinapaswa kuonyesha ni kilo ngapi za glukosi zinaingia katika kilo mia za kashata, na hesabu hiyo iandaliwe kabla ya uzalishaji, kwa kuwa afisa hataikubali ikiwa imetungwa nyuma.

Tatu ni maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZ. Sheria ya 2002 iliweka sharti la kuuza nje angalau asilimia 80 ya uzalishaji, na kwa kufanya hivyo mwekezaji alisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Mwaka 2025 EPZA, mamlaka iliyosimamia maeneo hayo, iliunganishwa na Kituo cha Uwekezaji kuwa mamlaka moja, TISEZA, na masharti ya sasa yaulizwe huko. Kwa maoni yangu mwenye kontena tatu au nne kwa msimu asiharakishe kuifuata njia hii. Inamfaa anayekoboa, anayekamua au anayesindika kwa mwaka mzima.

Kwa mtaji, Benki Kuu inasimamia mfuko wa dhamana ya mikopo ya mauzo ya nje, na maombi hupitia benki yako ya biashara. Benki itataka kuona mkataba uliosainiwa, na hii ni sababu nyingine ya kuanza na mnunuzi.

Unafuu mkubwa zaidi, hata hivyo, hutolewa ng'ambo. Kama nchi yenye maendeleo duni, Tanzania huingiza bidhaa zake karibu zote Umoja wa Ulaya bila ushuru wala ukomo, isipokuwa silaha, na tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi za kundi hili ilizo na uhusiano nazo. Mnunuzi anayeokoa ushuru huo ana nafasi ya kukuongezea bei, lakini hatakuambia. Tafuta kiwango cha ushuru ambacho mshindani wako analipa, kiweke mezani wakati wa kujadiliana.

Upande wa pili wa meza upo pia. Serikali hutoza ushuru wa kuuza nje mazao fulani ghafi ili yasindikwe nchini, na mfano unaojulikana sana ni korosho ghafi, ambayo hutozwa asilimia 15 ya thamani ya FOB au dola 160 kwa tani, ipi iwe kubwa zaidi. Anayehamia zao jingine aanze kwa kuuliza hili.

Ukiagiza mashine au vifungashio

Muuzaji nje mara nyingi huwa mwagizaji pia. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, ile ya mwisho ikiwa imeanza 1 Julai 2022, na mitambo mingi ya uzalishaji iko kwenye sifuri wakati bidhaa zilizokamilika ziko juu. Namba ya ushuru inayotumiwa ndiyo inayoamua, kwa hiyo mashine ya kuchambua ufuta isiandikwe "vifaa mbalimbali" kwenye ankara. Thamani ya kutozea ushuru ni pamoja na nauli na bima. Bidhaa zinazosimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, hukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mwombe muuzaji cheti hicho kabla hujamalizia malipo, kwani baada ya hapo hana haraka tena.

Mzigo ukishafika na fedha zikishaingia, fungua jalada moja kwa kila kontena na uweke humo mkataba, hati ya mnada, risiti ya halmashauri, vyeti vyote, tamko la forodha, hati ya shehena na taarifa ya benki ya kupokea fedha. Litunze kwa miaka mitano, maana mkaguzi wa kodi ana haki ya kuliulizia, na dai la VAT la kontena la pili litakwenda haraka zaidi la kwanza likiwa limekamilika.